Mwezi wa Kiduara Cheusi

Wapo wanaume wanaokwepa ndoa kwa kusingizia mahari, na wapo wanaosingizia mama zao. Mimi, bahati yangu, nilipata wa kusingizia mwezi. Mwezi huu huu wa mbinguni.

Mwaka 2012 nilikuwa na kibanda cha ushonaji Kakuma, na wateja wangu wengi walikuwa akina mama wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya wakimbizi wakitaka gauni la kanisani liwe tayari Jumamosi. Mchumba wangu alikuwa karani wa serikali Lodwar. Wote wawili tulikuwa watu wa kuja, kwetu ni upande wa Kitale, tukajuana kwenye mkutano wa injili. Mtu mtanashati, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi lile, maneno laini. Akaniambia atakuja kwetu na wazee wake kujitambulisha. Nikampigia mama simu. Mama kwa furaha akamtenga kondoo dume wa wageni, akaanza kumlisha.

Hapo ndipo mchungaji wake alipojiingiza. Alikuwa mchungaji wa kukodi ukumbi, aliyeingia Lodwar na kipaza sauti na suti moja, na alikuwa amegundua jambo ambalo makanisa mengine yote, maskini, yalikuwa yamelipita: kwamba Biblia inataja mwandamo wa mwezi. Akawafundisha watu wake kwamba jambo lolote kubwa, iwe ndoa, iwe biashara, iwe kesi, lisianzwe mpaka mwenyewe auone mwezi mpya kwa macho yake, siku ile ile ya mwezi mpya. Na siku hiyo aliipata wapi? Kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye picha ya mifuko ya saruji, ile inayoweka kiduara cheusi chini ya tarehe. Ukiuona mwezi siku ya kiduara cheusi, Mungu amekubali. Usipouona, ngoja kiduara kijacho.

Sasa nikwambie kitu. Kiduara kile kimepakwa weusi kwa sababu siku hiyo mwezi hauonekani! Mtu yeyote aliyelelewa bila stima, akawa anakwenda choo cha nje usiku, anajua kuna siku mwezi haupo kabisa. Siku hizo unatembea na jua, unachomoza nalo na kutua nalo. Upande wenye mwanga umelitazama jua, sisi tumepewa kisogo. Utauona kesho yake au kesho kutwa, ukucha mwembamba magharibi, jua likishazama. Siku yenyewe utakodoa macho bure. Ukumbi mzima wa watu wenye diploma, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Basi kila kiduara kilipofika, mchumba wangu alitoka nje jioni, akainua shingo, halafu akanipigia. "Mpenzi, sijauona." Kesho kutwa anapiga tena: "Leo nimeuona, lakini tarehe imeshapita. Tuvumilie." Nilimweleza kwa upole. Nilimweleza kwa hasira. Siku moja nilimweleza nikiwa na kitunguu mkono mmoja na tochi ya simu mkono mwingine. Akatabasamu. "Wewe ni fundi wa nguo, mama. Mambo ya rohoni tuachie sisi." Sisi! Yeye na nani, jamani?

Mteja wangu mmoja mwenye ulimi mkali kila akija kupimwa aliuliza kwa sauti, "Fundi, mwezi yako imepatikana?" na kibanda kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka nao, ningefanya nini. Kule nyumbani kondoo alinona mpaka akawa anahema akitembea. Krismasi ilipofika walimchinja wakamla wenyewe, na mama akaniandikia ujumbe kwamba nyama ilikuwa nzuri. Nililia juu ya cherehani siku hiyo, sifichi. Nilimpenda mjinga yule. Nilitaka aje kwetu tu, akae sebuleni na baba, anywe chai, nami nionekane mtu mbele ya watu wangu.

Mwaka 2013 ukaenda hivyo hivyo. Halafu Novemba ikakaribia, na redio zikaanza kutangaza kwamba jua litapatwa na huku Turkana ndiko litakakoonekana vizuri. Lodwar ikajaa wageni wenye kamera ndefu wakielekea ziwani. Mimi nilicheka peke yangu. Maana jua hupatwa siku ya mwezi mpya tu, na kinacholifunika ni huo huo mwezi wa kiduara cheusi, kisogo chake kikipita mbele ya jua. Nikaitazama kalenda. Jumapili ile, kiduara! Mwezi usioonekana ungeonekana, tarehe yake yenyewe, mchana kweupe. Nikampigia. "Jumapili nakuja tuutazame pamoja. Ukiuona, Jumatatu unaita wazee wako." Akasema, "Karibu, mama."

Nilifika Lodwar mchana na miwani ya karatasi ya kutazamia jua, yangu na yake. Saa kumi na moja jioni tulikuwa njiani na majirani zake, wengine wameweka mabeseni ya maji, wote tunaangalia magharibi. Mwanga ukapauka kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena, na kuku wakaanza kurudi bandani. Nikavaa miwani. Ulikuwepo! Mweusi tii, wa mviringo, umelimeza jua likabaki ukucha. Nilipiga kelele kama mtoto. Nikageuka nimpe mwenzangu miwani yake, na hayupo.

Nilimkuta chumbani kwake, ameketi kitandani na shati lake jeupe la kanisani, Biblia mapajani. Akanihimiza nifunge mlango upesi. "Mwanga huu unapofusha," akasema. "Mchungaji amekataza tusitoke." Nikamwekea miwani mkononi. Akaiweka chini.

Lakini mlango ule wa mabati ulielekea magharibi, na ulijaa matundu ya misumari ya zamani. Kila tundu lilipitisha mwanga, na kwenye ukuta nyuma yake, na kwenye shati lake, vilitapakaa vijua vidogo vidogo, kila kimoja kimeng'atwa na mwezi kikabaki ukucha. "Tazama kifuani kwako," nikamwambia. "Mwezi ndio huo, na tarehe ndiyo hii. Mungu wako amekujibu mpaka kwenye shati."

Akatazama. Naapa aliuona. Uso ukamshuka kama wa mtu aliyekutwa na mali ya wizi, na hapo ndipo nilipoelewa, mjinga mimi, kwamba ule mwezi aliupenda kwa sababu ulikuwa hauonekani.

Akainuka. Akavuta blanketi kitandani, akalitundika mlangoni, akalinyoosha pembe kwa pembe mpaka tundu la mwisho likazibika.

"Unaona?" akaniambia mle gizani. "Hakuna kitu."

"Naona," nikasema.

Nikalipapasa blanketi lile mpaka nikalipata komeo, nikatoka. Nje watu walikuwa bado wanashangilia na mwanga ulikuwa umeanza kurudi. Nikampigia mama pale pale njiani, nikamwambia asimfuge kondoo mwingine.