Mstari wa Baba

Nimezunguka sana, ndugu msomaji, na kila mji una harufu yake, lakini harufu ya majani mabichi ya chai yakikaushwa kiwandani ndiyo pekee inayonisimamisha njiani. Ikinipata tu, niko tena juu ya lori la mizigo kutoka Kisii, mtoto mdogo, baba amenibana kati ya magoti yake nisilowe. Tulipita Sotik, tukapita Kaplong, mvua ikatukuta kabla ya Kericho, na kuku wa mama akataga yai juu ya godoro. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ameshafika," alisema. "Sisi bado."

Baba alipewa namba ya kuchuma chai, na namba ilikuja na nyumba: chumba kimoja na jiko, kwenye kambi ya wafanyakazi. Ukipoteza namba, unahama. Ndiyo maana kambini kulikuwa na desturi njema. Mtu akiugua au akifiwa, watu wake walichuma mstari wake, na majani yakapimwa kwa namba yake. Nyapara aliangalia pembeni.

Desturi hiyo njema ndiyo iliyomlea baba katika ulevi wa chang'aa. Alianza kuugua malaria ya ajabu, isiyopanda wakati wa chakula. Mama alimfunga mdogo wetu mgongoni, akavaa eproni ya baba iliyomfika kwenye vifundo, akachuma. Likizo ikifika, mimi na dada yangu Kerubo tulichuma naye, umande ukitulowesha mpaka mbavuni. Mizani ilisema baba ni mchapakazi. Baba naye aliiamini mizani.

Asubuhi moja mama alipika uji, akaweka kikapu kitupu karibu na kichwa cha baba, akatuambia, "Kuanzia leo hakuna wa kumchumia. Mtu ana mikono." Kisha akaenda kwa nyapara kuomba namba yake mwenyewe.

Aliporudi, wanawake walikuwa wakimngoja kwenye mfereji wa maji, Bot Chebet, yaani Mama Chebet, jirani yetu, akiwa mbele.

"Mama Kerubo, umeamua kumwaibisha mzee?"

"Pombe ndiyo imemwaibisha. Mimi nimechoka kushika pazia."

"Na wakiwafukuza kwa nyumba?"

"Nitachuma yangu, nilale kwa yangu. Ya kwake achume yeye."

"Haiya! Huyu mama ana kichwa ngumu!"

"Ngumu kama jiwe la kusagia," mama alijibu, akiendelea kujaza jerikeni. "Kuja ujigonge."

Mchana baba alimjia akifoka mbele ya watu hao hao. "Sasa nitakula nini?"

"Ugali uko, Baba Kerubo. Uongo ndio umeisha."

Mstari wa baba ulikua bila mchumaji, ukasimama juu ya mingine kama nywele zisizochanwa, kambi nzima ikauona. Namba yake ikafutwa. Tulifunga vyombo kwenye shuka, tukakaa juu yake tukingoja kufukuzwa, na mimi nikamchukia mama kwa moyo wangu wote. Badala yake nyapara alikuja amevaa viatu vyake vya mvua, akamwambia mama aripoti kazini kesho. Nyumba ikawa ya namba ya mama.

Baba hakufukuzwa. Alikula nasi. Akija mlevi, alilala jikoni, na hakuna aliyekwenda kumwombea radhi popote. Alikaa miezi bila kunywa, akaanguka, akaacha tena. Mwishowe aliomba kibarua cha kupanda miche, akakipata kwa mdomo wake mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, nisiione nyumbani kwetu. Ilibidi nizunguke, nifanye kazi bandarini na migodini, nione wanaume waliochumiwa na mama zao, wake zao na watoto wao mpaka kaburini, ndipo nikaelewa mama alikataa nini, na kwamba kukataa kule kulimuuma kuliko sisi sote.

Niliondoka kambini moja kwa moja nilipomaliza kidato cha nne. Baba alishika sanduku langu, mikono ikimtetemeka vibaya, kwani alikuwa na siku chache tu bila kunywa. Nilinyoosha mkono nimsaidie.

"Mwache," mama alisema.

Baba alilibeba kupanda ule mlima wa matope wa kuelekea barabarani, akalitua, akapumua, akalinyanyua tena. Wanaume waliokaa nje ya kilabu cha pombe walimpigia kelele: "Mzee, utaanguka!"

"Nikianguka nitaamka," baba alisema, bila kuwatazama, akaendelea kupanda.