Chupa Niliyowapelekea Wakwe Kuluba

Hili nitalisimulia mara moja tu, na atakayecheka ageuze uso upande wa pili, kwa sababu mpaka leo nikipita Koboko navaa kofia na kuishusha hadi puani.

Wakati huo nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni pale Ediofe, mjini Arua (kabla ya hapo nilipakua malori Vurra, na kabla ya hapo nilikuwa darasa la sita, ambalo sikulimaliza). Akaja mgeni, mzee wa Kizungu mwenye mikono ya mkulima na Kiswahili cha kujifunza kwa mapadri, nami siwezi kumwona mtu nikamwacha bila kumuuliza kitu, nikamuuliza analima nini. Zabibu, akasema. Ukoo wao unalima kilima kilekile tangu babu wa babu yake, wanatengeneza divai nyekundu, wanailaza kwenye mapipa ya mbao miaka na miaka, na mara nyingine anayeitia kwenye pipa si yeye atakayeinywa, ni mwanawe. Nilishtuka! Kwetu kwete, pombe ya mahindi, ikikaa siku mbili zaidi watu wanaanza kuisema vibaya. Nikamsumbua kwa maswali wiki nzima, naye akanifundisha mpaka namna ya kuonja, kuzungusha glasi, kuingiza pua, kuvuta kwa kelele kama mtu wa uji wa moto, na siku ya kuondoka akanipa chupa moja ya zamani yenye jina la ukoo wao kwa wino uliofifia. "Ifungue siku ya furaha yako kubwa," akasema. "Usiitikise. Chini ina mashapo, ndio uzee wake, yaache yalale."

Furaha yangu kubwa ilikuwa inaitwa Poni, msichana wa Kuluba, kule Koboko.

Nilikuwa nimeshakwenda mara moja kumsalimia baba yake, Mzee Duku, mwanajeshi mstaafu ambaye anakuuliza habari za nyumbani kana kwamba amekukamata kwenye kizuizi cha barabarani. "Wewe nakunywa pombe?" aliniuliza. Nami, sijui nilipandwa na shetani gani, nikajibu, "Hapana, mzee. Hata tone." Poni, ambaye tulishakunywa naye kwete kwenye kibuyu kimoja, akainama kutafuta sakafuni kitu ambacho hakikuwapo.

Siku ya posa yenyewe ikafika. Baba mdogo alikuja na mbuzi, sukari na sabuni, vitu vya watu wenye akili, lakini mimi nikaona hivyo kila mtu analeta, acha niwashangaze. (Niliwashangaza.) Nikaitia chupa ndani ya begi la mgongoni, tukapanda bodaboda, na kutoka Koboko mjini hadi Kuluba njia ni mashimo matupu, kwa hiyo ule uzee niliokatazwa kuuamsha uliamka na kucheza ngoma.

Mzee alifurahi sana kuiona. Nikamweleza habari za kilima na mapipa, akaguna kwa heshima. Kizibuo hatukuwa nacho, nikakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, nikamimina. Glasi ikajaa wekundu wa giza, na ndani yake vitu vyeusi vikazunguka, vikashuka polepole mbele ya macho ya ukoo mzima.

"Hii nyeusi iko chini ni nini?" akauliza shangazi yake Poni.

"Ni uzee wake, shangazi."

"Uzee!"

Mzee Duku akaisukuma glasi kwangu. "Onja."

Sasa, huku kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, watu waone kwamba hakutia kitu. Kila mtoto anajua. Mimi, pamoja na maswali yangu yote, sikuwa nimejiuliza hilo.

"Lakini mzee, mimi sinywi. Nilikuambia."

Mzee akaisogeza glasi karibu zaidi nami.

"Wewe nakataa kuonja kitu umeleta mwenyewe?"

"Sikatai, mzee, ila..."

"Mutu nakataa kitu yake!" Shangazi alipiga makofi, akawavuta watoto nyuma. Baba mdogo (ndugu wa damu wa baba yangu!) akasogeza kiti chake mbali na changu. "Kunywa, bwana," akanong'ona, "kabla hawajaniambia mimi."

Nikinywa, mimi mwongo. Nisipokunywa, mimi muuaji. Nikashika glasi, nimepanga kulowesha midomo tu na kukunja uso kama mtu asiyezoea. Lakini ile harufu! Ilikuwa na tumbaku, na ngozi ya viatu vipya, na tunda ambalo sijawahi kulila, na mkono ukaanza kuzungusha wenyewe, pua ikaingia, nikavuta kwa ile kelele, nikafumba macho. Nilipoyafumbua glasi ilikuwa tupu, na nilikuwa nimeinyoosha mbele niongezewe.

"Nilikuwa naogopa sumu," Mzee Duku akasema taratibu. "Sasa siogopi. Sumu hapana. Mulevi ndio iko."

"Anakunywa kidogo tu, mzee," baba mdogo akajaribu, "siku za sikukuu..."

"Yeye alisema hata tone."

Kisha Mzee Duku akajimiminia, akanywa akiwa amesimama, akaitazama glasi kwa muda mrefu. "Iko muzuri," akasema kwa huzuni. "Iko muzuri sana." Akaenda akamfungua mbuzi wetu kwa mikono yake, akamkabidhi baba mdogo kamba.

Poni alinisindikiza hadi barabarani. Nilidhani atalia, hakulia.

"Ungesema unakunywa kidogo, baba angecheka. Si yeye mwenyewe anakunywa? Lakini mume wa dada yangu alikaa kiti kile kile, akasema neno lile lile. Kumbe mlevi. Dada amerudi nyumbani na meno mawili yamevunjika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja useme mwenyewe. Wewe unauliza dunia nzima maswali. Sisi tulikuuliza moja tu."

Akageuka, akarudi kwao.

Tangu siku ile nimeapa, mtu akiniuliza jambo najibu kweli kabla hajafunga mdomo, na kazi mbili zimeshanipita kwa sababu hiyo. Nasikia Poni hajaolewa. Sijathubutu kwenda kumuuliza kama kuna mtu ambaye yeye anamngoja, maana hilo ndilo swali la kwanza maishani mwangu ambalo naogopa jibu lake.