Siku Injini Saba Zilipoitikia Namba Moja

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Mkikuta herufi imeruka, irudisheni wenyewe mahali pake na muendelee kusoma. Ninawaandikia ninyi mtakaokalia kiti changu mbele ya Boksi, na yeyote anayetaka kujua kazi ile ilifanywaje wakati wangu.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, na nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Neno kustaafu si langu. Ni la Stesheni Masta, aliyesema mtu wa reli haachi kazi kama anayeacha kuuza ndizi. Anastaafu, anapewa cheti, anakunywa chai.

Ndizi ndizo nilizoanzia. Nilikuwa naishi Kiboriloni kwa shangazi na kumsaidia sokoni, lakini mteja akiniuliza bei nilitazama chini mpaka aondoke. Shangazi alivumilia msimu mzima. Mmoja wa wateja wake alikuwa Mzee Harjit, mwenye kilemba cheupe, aliyekuwa na duka la vipuri mjini Moshi kabla ya kuwaachia watoto wake. Alimwambia shangazi kwamba anatafuta mtu mwenye mikono iliyotulia na asiye na maneno mengi. Shangazi akamjibu kuwa anaye mmoja, na kwa upande wa maneno hatajuta.

Siku ya kwanza nilifika na ufagio, maana nilidhani ndiyo kazi yenyewe. Nyuma ya nyumba ya Mzee Harjit kuna ghala la zamani la kahawa. Ndani nikakuta meza inayozunguka kuta zote nne, na juu ya meza reli nyembamba kama kamba za viatu, stesheni zenye mapaa ya bati la makopo, na mashamba ya mpunga ya Mabogini yaliyokatwa kutoka kwenye zulia la kijani la mlangoni. Upande wa mwisho ulisimama mlima wenye handaki la treni tumboni. Mlima ulikuwa wa magazeti na gundi, na theluji yake unga wa ngano. Wageni waliorudi mwaka hadi mwaka walisikitika kuona theluji inapungua, na Mzee Harjit hakuwahi kuwaambia kwamba ni panya.

Nilimwamkia. Aliinama karibu ili asikie, akaitikia, kisha akaniuliza kama najua mambo ya treni. Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

"Vizuri," akasema. "Aliyekuwepo kabla yako alikuwa anajua."

Yeye mwenyewe cheo chake kilikuwa Mkurugenzi. Stesheni Masta alikuwa Mzee Elirehema wa Old Moshi, mzee wa kanisa na mfugaji wa ng'ombe mmoja, ambaye ujana wake wote alikuwa stesheni masta kwenye reli ya kweli. Marehemu baba yake Mzee Harjit alikuwa fundi wa karakana kwenye reli hiyohiyo, na ndipo urafiki wa wazee hawa wawili ulipoanzia. Kila siku saa kumi kamili alasiri Stesheni Masta aliingia ghalani, akavaa kofia yake ya zamani na kushika bendera mbili. Bila bendera ya kijani hakuna treni iliyotoka, hata kama ni yenye behewa moja na urefu wa mkate.

Nilipitia vituo vitatu vya kazi. Cha kwanza kilikuwa kufuta reli kwa kitambaa na spiriti, kwa sababu reli yenye vumbi haipitishi umeme. Cha pili kilikuwa pointi, yaani vile vipande vya reli vinavyohama ili treni ichukue njia hii au ile. Cha tatu ni Boksi. Vyote vitatu viko ndani ya ghala lile lile, lakini kila nilipohamishwa Mkurugenzi aliniandikia barua ya uhamisho na kunipa siku saba za kujiandaa. Kutoka kwenye pointi hadi kwenye Boksi ni hatua nne.

Boksi ni mtambo wa amri. Binti yake Mzee Harjit alilituma kutoka ng'ambo, na wazee wale wawili waliliogopa kama nyuki. Mimi nilijifunza kutoka kwenye kijitabu chake, kwa picha, kwa sababu maneno yake sikuyajua. Zamani, walisema, ukiongeza umeme kwenye reli, kila injini iliyosimama juu yake inatembea. Boksi halifanyi hivyo. Linapeleka umeme na amri kwa pamoja kwenye reli zile zile, na ndani ya kila injini kuna chipu yenye namba yake. Injini zote zinasikia amri, lakini inayoitika ni ile iliyoitwa kwa namba. Ni kama mwalimu anayeita majina darasani, isipokuwa injini hazidanganyi kuwa zipo.

Injini mpya inatoka kiwandani ikiwa namba tatu. Zote zinatoka hivyo. Kwa hiyo lazima uipe namba yake, na kwa kazi hiyo kulikuwa na kipande cha reli kilichotengwa, hakijaungana na reli kuu. Unaiweka injini pale peke yake, unageuza swichi ili amri ya Boksi iende huko tu, unaandika namba. Stesheni Masta alikiita reli ya ubatizo. Kilikuwa mbali, upande wa mlima, na Boksi lilikuwa mlangoni. Ukibatiza kwenye reli kuu, kila injini iliyo juu yake inasikia na inapokea namba hiyo hiyo. Kijitabu kilikuwa na picha ya jambo hilo, yenye alama nyekundu ya kukataza juu yake. Siwezi kusema sikuiona.

Siku ya kosa langu Mkurugenzi alikuwa na wageni, ndugu na majirani kama ishirini. Walisimama wamejaa kati yangu na mlima, kila mmoja na sambusa na kikombe cha chai. Nilikuwa na injini mpya mkononi, ya saba. Mkurugenzi akaniashiria kwamba anataka itembee leo. Ili nifike kwenye reli ya ubatizo ilibidi nipite katikati ya watu wale na kusema samahani, naomba nipite. Niliyatayarisha maneno hayo mdomoni. Niliyarudia mara tano au sita. Kisha nikaketi, nikaweka injini kwenye reli kuu iliyokuwa mbele yangu, nikaibatiza palepale kuwa namba saba.

Stesheni Masta akatazama saa, akatazama njia, akainua bendera ya kijani. Nikaiita namba saba. Zikaondoka saba.

Wageni walishangilia, wakidhani ndiyo mpango. Mbili zilikutana uso kwa uso Mabogini na kulala kwenye mpunga. Moja ilipanda juu ya stesheni. Nilipokumbuka kitufe chekundu cha kusimamisha, ile tuliyoiita Mama Mkubwa ilikuwa imeshatoka mezani. Mama Mkubwa ilikuwa injini ya shaba ambayo baba yake Mzee Harjit aliifua kwa mkono wake. Ilianguka sakafuni na dohani yake ikakatika.

Mkurugenzi aliiokota, akaipangusa kwa ncha ya shati.

"Bendera ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Yangu," akasema Stesheni Masta.

Kwenye reli, mwenye bendera ndiye mwenye treni. Alisimama kidogo, kama anayengoja swali la pili. Halikuja. Akavua kofia, akaiweka juu ya meza karibu na stesheni iliyobomoka, akaondoka.

Nilikuwa mtu pekee ghalani aliyejua kilichotokea. Jioni ile, kabla ya kwenda nyumbani, nilizibeba injini moja moja hadi upande wa mlima, ambapo sasa hapakuwa na mtu wa kumwomba njia, nikazibatiza upya kila moja kwa namba yake. Nilifanya kazi nzuri sana. Baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kujua, isipokuwa nimwambie.

Siku tisa zilipita. Kila saa kumi Mkurugenzi alikuja ghalani na viatu vilivyopigwa rangi, akaketi upande wa mlima, akatazama kofia. Sikuthubutu kuuliza kama niwashe Boksi. Siku ya nne alinitazama akasema kwamba mtu aliyeendesha stesheni miaka yote ile bila ajali hata moja, ajali yake ya kwanza ameifanyia hapa ghalani. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama aliyenyimwa kitu. Nilifuta reli ambazo hazikuwa na vumbi.

Siku ya kumi nilipanda Old Moshi. Kwetu mtu aliyekosa hubeba jani la isale, ule mmea wa uzio, na anayepelekewa isale hawezi kumfukuza aliyelileta. Lilinifaa sana, maana jani halihitaji hotuba. Tatizo ni kwamba Kiboriloni kwa shangazi ni ukuta kwa ukuta, hakuna isale. Nililipata nilipokaribia, kwenye uzio wa kwanza ulioonekana.

Mzee Elirehema alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba. Nikamwamkia, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu." Akaliangalia jani, akaangalia nyuma yangu. "Hili umelikata kwenye uzio wangu."

Nikakubali.

"Kosa moja hilo. Lingine ni lipi?"

Nilimweleza. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, na sehemu kubwa yake niliitoa nikimtazama ng'ombe. Alipoelewa, alikaa juu ya mgomba.

"Zote zilikuwa namba saba?"

"Zote."

"Hata Mama Mkubwa?"

"Hata yeye."

"Na mimi siku zote hizi nalala naihesabu ile njia, nawaza ni treni gani sikuiona." Akacheka, kisha akaacha. "Umemwambia Harjit?"

"Bado."

"Basi hujaomba msamaha. Umefanya mazoezi tu."

Nikamwambia kwamba Mkurugenzi atanifukuza. Akasema huenda. Kisha akasema kwenye reli ajali haielezwi kwa mdomo, inaandikwa ripoti. Nilifurahi, mpaka nilipokumbuka mkono wangu. Kabla sijaondoka alikata jani jingine la isale akanipa, akasema hili sasa si la wizi.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja na nusu na ilinichukua siku tatu. Siku ya nne Mkurugenzi aliketi upande wa mlima kama kawaida. Niliweka ripoti kwenye behewa la wazi, jani la isale juu yake, Mama Mkubwa mbele bila dohani, nikaketi kwenye Boksi. Mpango wangu ulikuwa treni iende ikaseme yenyewe. Saa kumi kamili mlango ulifunguliwa. Mzee Elirehema aliingia bila kusalimia mtu, akavaa kofia yake, akatazama njia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akainua bendera ya kijani.

Niliita namba moja, namba ya Mama Mkubwa. Ikaitika moja. Ilipita Mabogini taratibu, ikapita stesheni, ikaingia kwenye handaki la mlima. Haikutoka.

Jani la isale lilikuwa refu kuliko upana wa handaki, likakwama. Niliongeza mwendo, nikasikia magurudumu yanazunguka ndani bila kwenda popote, na unga kidogo wa ngano ukadondoka kutoka kileleni. Stesheni Masta alinitazama. Nilimtazama yeye. Hakunisaidia. Mdomo wa handaki ulikuwa nyuma ya kiti cha Mkurugenzi, na miguu yake ilikuwa imeziba njia.

Nikainuka, nikatembea ghala zima.

"Samahani, Mzee," nikasema, na akasikia bila kuinama. "Naomba nipite."

Akavuta miguu. Nikaingiza mkono mlimani, nikatoa behewa, jani limekunjamana na karatasi ina unga. Nikampa vyote viwili mkononi.

Aliligeuza jani kwanza. "Nimezaliwa hapa Moshi," akasema. "Najua siruhusiwi kulirudisha." Kisha akavaa miwani, akasoma ukurasa mmoja na nusu kwa muda uleule ambao mimi ningetumia kuusoma. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akasahihisha mahali pawili, akaikunja karatasi. Akamgeukia Stesheni Masta, akamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Uliuliza bendera ni ya nani. Nilikujibu."

"Ningeuliza nini kingine?"

"Ungeniuliza kama nimekunywa chai. Nilikuwa sijanywa hata kikombe."

Mkurugenzi akaagiza chai. Siku hiyo haikuzungumzwa tena habari ya ajali. Kesho yake nilipokea barua ya uhamisho: nimerudishwa kufuta reli kwa miezi miwili, na nimepewa siku saba za kujiandaa.

Sasa nipo Chekereni, nafungulia maji mashamba ya mpunga, ya kweli, kwa zamu. Ni kazi ileile, ila maji hayana namba na wenye mashamba wanapiga kelele. Nawajibu. Cheti changu cha kustaafu kimetundikwa kwa shangazi, na Mama Mkubwa ina dohani mpya iliyounganishwa vibaya makusudi, ili kovu lionekane.

Jambo moja nataka mlijue. Nilipokaribia kuondoka nilimwomba Mkurugenzi tuisogeze reli ya ubatizo ikae karibu na Boksi, ili atakayenifuata asipate shida. Alikataa. Alisema ibaki hukohuko mlimani, na siku za wageni watu wataendelea kusimama katikati.

Kwa hiyo niandikieni. Mkipitisha injini yenu ya kwanza mbele ya watu na kuomba njia, hata kama sauti ilitetemeka, andikeni ilikuwaje na mmwachie karatasi Stesheni Masta. Ataniletea akija kununua mchele. Msijali mwandiko. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika. Aika, asanteni.