Mara Tatu, Kisha Maji

Juzi nilikwenda Mbalizi kumwona bibi aliyenilea, nikakuta ungo wake bado umetundikwa jikoni, umetoboka pembeni. Wewe uliyekulia kwenye baridi ya Mbeya utanielewa nikikwambia kwamba nilisikia harufu ya maharage yanayochemka, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Nilikuwa darasa la tatu, akili yangu iko dirishani. Mwalimu alishamwambia bibi kwamba nisipobadilika nitarudia darasa. Maana yake ningekaa dawati moja na mdogo wangu, na yule mtoto alikuwa na mdomo! Hilo lilinitisha kuliko fimbo.

Bibi hakunichapa wala hakunifungia ndani na madaftari. Jioni, viazi vikiwa kwenye majivu, alipanga vitu saba juu ya ungo: kifungo, kisoda, punje ya mahindi, chochote kilichokuwa karibu. Mimi natazama. Anafunika kwa kanga, anachomoa kimoja, anafunua. "Kimetoka nini?" Nikipata, anauliza tena, "Kimekwenda wapi?" Hapo ilibidi nitunge uongo, na uwe mtamu. Siku moja nilisema kifungo kimekwenda Rujewa kutafuta wali, kimechoshwa na viazi. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa mara tatu tu. Nikiomba ya nne, ananituma bombani. "Ng'ombe ukimkamua mpaka tone la mwisho," alikuwa akisema, "ndama atanyonya nini?" Niliondoka nikinung'unika, lakini njiani, ndoo kichwani, niliendelea kutunga. Mwisho wa mwaka nilivuka, bila kishindo. Mdogo wangu akabaki na dawati lake.

Siku hizi bibi hanijui. Juzi alinidhani muuza mkaa, akanikaribisha kwa heshima zote. Nikapanga vitu saba kwenye ungo, nikafunika, nikachomoa kimoja, nikafunua. "Kimetoka nini, bibi?" Akautazama ungo, akanitazama mimi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilichomoa kifungo, nikauliza lile swali lingine: "Kimekwenda wapi?"

"Rujewa," akajibu papo hapo. "Kimechoshwa na viazi."

Niliitaka ya nne, nakiri, niliitaka sana. Yeye akavuta kanga, akafunika ungo.

"Imetosha. Kachote maji."

Maji sasa yamo humo humo ndani. Bomba la mtaa lilishang'olewa, pamejengwa saluni. Nikachukua ndoo, nikaenda hivyo hivyo.