Niliandika Nani Hana Wino Kidoleni

Nimekosa, na kosa lenyewe nimelifanya kwa mkono wangu, kwa kalamu ya buluu, bila kulazimishwa na mtu. Jina langu msinidai. Niko kijiji kimoja huku Ulyankulu, na nikijitaja mimi nitakuwa nimewataja na wengine. Nimeshawataja vya kutosha!

Mimi ni mtu wa aibu. Nikiongea na mtu mzima siwezi kumtazama usoni, namtazama mikono. Ndiyo maana siku ile baada ya uchaguzi wa diwani, pale bombani, niliona kitu ambacho wengine hawakukijali: vidole. Huyu ana wino, huyu hana. Wasio na wino walikuwa wengi mno!

Nina daftari ninaloandikia mambo yangu. Jioni nikaandika majina, nani ana wino, nani hana, na alichosema. Ulikuwa mchezo tu. Nilijiona mjanja!

Kwa baba wa rafiki yangu, nitamwita Evelina, niliandika hivi: "Baba Evelina hana wino. Alikuwa porini kwenye mizinga yake. Amesema kura awaachie wenye nchi." Wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi, lakini yeye kazaliwa hapahapa na ni raia kama mimi. Alikuwa anatania, na bombani tulicheka wote. Kile kicheko sikukiandika.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kitongoji akaja kumwona baba, akanikuta barazani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe wewe ndo mwandishi wetu? Hebu lete nione."

Nikampa. Mungu wangu, nilimpa! Hakuna mtu mzima aliyewahi kutaka kusoma kitu changu. Akasoma.

"Mpaka wino umeandika! We mtoto una akili kuliko wajumbe wangu. Niazime, kesho utalipata."

Lilirudi baada ya wiki. Kila jina lisilo na wino lilikuwa na alama ndogo ya penseli pembeni. La Baba Evelina lilikuwa na mbili.

Nikafunga daftari, nikaenda kujisomea mtihani bila kumwambia mtu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Evelina alikuwa amenipita mbali. Akapata nafasi chuo cha uuguzi. Alitakiwa apeleke cheti cha kuzaliwa, na hicho cheti kinaanzia kwenye barua ya mwenyekiti. Nikawasindikiza, yeye na baba yake. Tulimkuta mwenyekiti anakula karanga.

"Barua ya mwananchi?" akauliza. "Mwananchi anapiga kura. Wewe si umewaachia wenye nchi?"

"Mwenyekiti, ule ulikuwa utani," akasema Baba Evelina.

"Mimi sijacheka. Nenda, kwanza nikuchunguze."

Maneno yaleyale! Evelina akageuka kunitazama. Mimi nikatazama mikono yake.

Barua haikutoka. Walienda hadi ofisi ya kijiji, wakaambiwa waanzie kwa mwenyekiti wao. Tarehe ya chuo ikapita. Evelina sasa ni kibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya watu. Na mimi bado kimya!

Kisha kwenye mkutano mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, akinitazama mimi: "Simlazimishi mtu. Ila daftari lipo, na anayeandika anakaa humuhumu." Tangu siku hiyo nikifika bombani, maongezi yanakatika.

Diwani yule akafariki, tukaitwa tena kupiga kura. Jamani, ile foleni! Jua halijachomoza, shule imeshajaa. Mpaka mgonjwa kaletwa amepakiwa kwenye baiskeli. Msimamizi akatusifu, akasema kijiji hiki sasa kina mwamko. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho yake nikaenda kuchota maji. Bibi mmoja, ambaye siku zote hunitania kwamba mimi ni mke mwenzake, akaweka ndoo chini, akainua kidole chenye wino hadi karibu na macho yangu.

"Umeniona, mjukuu wangu? Nimepiga. Usinisahau."

Aliyefuata naye akainua. Na aliyefuata.

Evelina alikuwa wa mwisho. Akanikunjulia viganja vyote viwili, vidole vyote vyeusi.

"Mimi sijafika umri wa kupiga," akasema. "Huu ni utomvu wa tumbaku. Andika na huo."

Daftari nimelichoma jikoni. Nani ataniamini? Juzi mwenyekiti kaleta zawadi nyumbani: daftari jipya, jalada gumu. "La mwandishi wetu," kamwambia baba, na baba akashukuru! Lipo mezani hapa, na uchaguzi mwingine utakuja.

Wenzangu mnaopenda kuandika, nawaomba: aliyepiga na asiyepiga, mwacheni na kidole chake. Na ukishakosea kama mimi, sema siku hiyohiyo, kabla penseli haijaanza kupita. Evelina mwenyewe bado sijamwambia. Nimeanza na ninyi kwa sababu ninyi hamna mikono ya kuitazama.