Kioo cha Kulia cha Pikipiki ya Lwaboshi

Maimouna alizaliwa Kindu, Kongo, akajifunza ufundi wa pikipiki kwa baba yake, na Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, watu walimzoea hivyo: mama wa mtandio mweusi, mikono ya grisi, chini ya mabati karibu na soko. Hakuwa mwoga. Ndiyo maana mambo ya pikipiki ya Lwaboshi alikaa nayo moyoni muda mrefu kabla ya kuyasimulia.

Lwaboshi, mtu wa Fizi, alibeba abiria, ile kazi ya kabaza. Pikipiki aliinunua Lilongwe, mtaa wa Mchesi, kwa mfanyabiashara Mrundi aitwaye Nahayo. Asubuhi moja alifika analalamika.

"Yaya, dada yangu, kioo ya kuume inalegea. Kila siku naikuta imegeuka."

Maimouna aliona ni jambo dogo. Kwenye pikipiki ile kioo cha kulia hukazwa kwa kuzungushia kushoto. Asiyejua hukilegeza akidhani anakaza. Akakifungua, akasafisha skrubu, akaweka kipande cha tyubu kuukuu, akabana nati mpaka kiganja kikamuuma. Akakisukuma. Hakikucheza.

Kesho yake Lwaboshi akarudi. Kioo kilikuwa kimegeukia ndani, kikitazama kiti cha abiria, na nati bado imebana vilevile. Pembeni mwa kioo palikuwa na alama ya kidole gumba, ikinukia mafuta ya nazi.

"Ulimbeba nani?"

"Hakuna mutu. Nimetoka nyumbani mi peke yangu." Akashusha sauti. "Yaya, hii piki iko na uzito. Kama mutu amekaa nyuma."

"Niachie. Mi mwenyewe nitaenda nayo soko la Tsoka, Lilongwe, nina vipuri vya kununua."

Jua lilikuwa limewaka, barabara nyeupe. Njia nzima kioo kilitulia. Nyumba za Lilongwe zilipoanza kusongamana, kikaanza kugeuka. Hakikutikisika kama kitu kilicholegea. Kilisogea polepole, kama kinachosogezwa na mtu mwenye adabu. Ndani yake Maimouna akaona ncha ya kitambaa cha njano, na vidole vikiikunja na kuichomeka mahali pake.

Hakugeuka. Alisimama kando ya barabara, akasoma Ayatul Kursiyyu mpaka mwisho. Ndipo springi za nyuma zikanyanyuka taratibu, kama mtu ameshuka.

Tsoka hakwenda. Alikwenda moja kwa moja Mchesi, akamkuta Nahayo anapanga mifuko ya mchele.

"Samahani, baba. Kwako kulikuwa na mama wa kitambaa cha njano?"

Nahayo akaweka mfuko chini. "Nani amekuambia?"

"Sikuambiwa."

Akamletea kiti. Mkewe, Gertrude, alikuwa akiuza vitenge Tsoka mpaka homa ilipomchukua. Nahayo ndiye aliyekuwa akimpeleka sokoni, kwa pikipiki ileile. "Tukikaribia, ananyoosha mkono, anageuza kioo ajitazame. Namwambia, mama, utatuua. Ananijibu, siwezi kuingia sokoni nikifanana na mtu aliyekimbia vita."

Maimouna akaaga. Sokoni alinunua kioo kidogo cha duara, na aliporudi Dzaleka akakifunga kwenye mkono wa kioo cha kulia, chini kidogo, kikitazama kiti cha nyuma.

"Hii ni ya nani?" Lwaboshi akauliza.

"Ya abiria."

Tangu hapo kioo kikubwa hakikulegea tena. Akina mama wanaobebwa wanakipenda kile kidogo, wanajitazama njiani wakicheka. Asubuhi Lwaboshi hukuta kina alama ya mafuta, naye huifuta, kisha huwasha pikipiki.

Jumapili moja Nahayo alitokea Dzaleka, akaomba abebwe tu, mpaka Madisi na kurudi. Alikaa mwisho kabisa wa kiti, juu ya chuma cha mizigo, akaacha nafasi kati yake na Lwaboshi.

"Sogea mbele, baba, utaanguka."

"Hapana," akasema Nahayo. "Twende hivi hivi."