Mpira Ulidunda

Watu wa Castelronco wakitaka kumtania Loris Gherardini humwambia alioa mara mbili: kwanza nyasi, halafu marehemu Iole. Loris hucheka nao, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa hawaijui hata nusu yake.

Ameutunza uwanja wa mji kwa miaka thelathini na minane. Zamani ulikuwa wa wanaume peke yao. Timu ya wanawake ilifanya mazoezi kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya kanisa, na wakithubutu kusogelea nyasi, Loris aliwafukuza kama kuku walioingia bustanini. Baadaye timu ya wanaume ikashuka daraja, ikashuka tena, ikafa bila hata mtu wa kuilia. Wanawake ndio waliopanda hadi ligi kuu. Leo ni wachezaji wa kulipwa, wana mikataba na likizo ya uzazi, na ole wake atakayewasema vibaya mbele ya Loris.

Jumapili ya kwanza ya msimu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne refa angekuja kuukagua uwanja. Morena, binti yake Loris, anayefundisha watoto wa kike wa klabu hiyo hiyo, alikuja na uma wa shambani kumsaidia kutoboa ardhi ili maji yazame.

"Baba, pumzika. Unahema kama trekta bovu."

"Trekta bovu limetoboa mashimo mengi kuliko wewe. Toboa, acha mdomo."

Refa akafika, mwanamke mwembamba kutoka Pescara. Akaudondosha mpira sehemu nne za uwanja, na kote ukadunda.

"Tunacheza," akasema, akaenda zake kubadili nguo.

Morena akapiga makofi. "Umeona? Na maji yote haya! Basi siku ile yangu hapa palikuwa ziwa kabisa."

Siku ile yangu. Ndivyo alivyoiita siku zote. Miaka ishirini na mitatu nyuma, Morena ana miaka kumi na tisa, winga asiyekamatika, timu kubwa ya kaskazini imeshamwita. Jumamosi ile wanawake waliahidiwa kucheza nusu fainali kwenye nyasi, kwa mara ya kwanza. Mvua ikanyesha, na asubuhi ubao ukaonekana langoni: UWANJA HAUFAI. Wakacheza nyuma ya kanisa. Dakika ya thelathini na moja kiatu cha Morena kikanasa kwenye changarawe, mwili ukageuka, goti likabaki. Mpaka leo hushuka ngazi moja moja akishika chuma, na kila akishuka Loris hugeuza uso.

Angeweza kuitikia tu kwa kichwa. Ameitikia miaka yote hiyo. Lakini yeye naye alikuwa ameuona mpira wa refa ukidunda.

"Siku ile mpira ulidunda," akasema.

"Mpira gani?"

"Niliujaribu mwenyewe, alfajiri. Ulidunda vizuri kuliko huu. Wanaume walikuwa na mechi kesho yake, nikaona mtaniharibia nyasi. Nikatundika ubao."

Morena alimtazama akitafuta utani usoni mwake. Hakuuona.

"Kwa sababu ya nyasi."

"Ndiyo."

"Halafu hospitali ukanishika mkono, ukaniambia ni mvua."

"Nilisema hivyo, mwanangu."

Morena akauchomeka uma ndani ya shimo lililokwisha kutobolewa, taratibu, asije akatoboa jingine. Akaondoka.

Castelronco walishinda mbili kwa moja, na Loris hakuona hata bao moja. Nyumbani alichemsha tortelli, tambi zilizojazwa malenge, za watu wawili kama kila Jumapili, na sahani zote mbili zikapoa. Jumatatu alimpigia Morena simu, haikupokelewa. Jumanne vilevile. Alijuta, na safari hii hakumlaumu mtu wala mvua.

Jumatano mvua ikarudi. Saa kumi na moja jioni Morena alikuwa langoni, juu ya ngazi zinazoshuka uwanjani, nyuma yake wasichana kumi na wanane wa miaka minane, tisa, viatu vya njumu miguuni.

"Fungua, baba."

"Kiwanja chenu si kile cha nyuma ya—"

"Fungua."

"Morena, uwanja umelowa chapachapa. Jumapili tuna mechi. Hawa watauchimba!"

"Najua watauchimba."

"Meneja atanila nyama."

"Ataanza na mimi."

Loris akatoa ufunguo. Kufuli likamsumbua. Mtoto mmoja mwenye miwani alimvuta koti.

"Babu, kweli tunaruhusiwa?"

"Mnaruhusiwa. Kimbieni."

Wakateremka wakipiga kelele. Vipande vya nyasi vikaanza kuruka, na kila kimoja kilimuuma, tena sana. Morena alisimama kando yake bila kumtazama.

"Ni leo tu?" Loris akauliza.

"Kila Jumatano."

"Sawa."

Morena akakamata chuma, akaanza kushuka kuwafuata watoto wake, ngazi moja, kisha nyingine. Loris hakugeuza uso. Alimtazama mpaka ngazi ya mwisho.